Kadi ya Hesbon

Kuna watu hapa Kitale ambao mpaka leo huniuliza kama nilikuwa na wazimu mwaka ule wa 2004. Sikuwa na wazimu wowote. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na sanduku la kadi.

Mimi ndiye niliyetunza kadi za wachezaji wa timu yetu. Kabla ya mechi, refa huita jina, analinganisha picha na sura, na asiye na kadi hachezi, hata awe nani.

Mwaka uliotangulia, kipa wetu wa akiba, Kiplimo wa Kapsokwony, alimzaba kondakta kofi stendi. Hata kabla kesi haijasikizwa, ofisi ya ligi kule Bungoma ikamfungia msimu mzima. Tena barua ya kumshtaki niliiandika mimi, nikijiona mtu wa haki sana. Maskini akarudi kwao kulima viazi.

Sasa Hesbon, mfungaji wetu wa mabao, akamvunja mkewe mkono. Mkewe ni Emmy, aliyetufulia jezi. Hesbon alishtakiwa, akatoka kwa dhamana, nami nikateremka hadi Bungoma na barua ya ligi iliyomfungia Kiplimo. Mwenyekiti wa ligi, Makokha, aliisoma, akavua miwani, akasema ati haya ni mambo ya nyumba, tungoje korti, na si Jumamosi ni mechi ya kombe la ligi? Nikamuuliza mbona Kiplimo hakungojewa korti. Akaniuliza kama nataka timu yangu ishindwe. Loo, nilitoka pale nikiwa nimeshaamua.

Jumamosi uwanja ulijaa. Emmy alikuja, mkono kwenye plasta, akaketi karibu na geti. Hakuna aliyekaa karibu naye. Refa akaita, kumi wakaitika. Alipofika kwa Hesbon, nilimpa refa ile barua badala ya kadi: mchezaji aliyeshtakiwa polisi kwa kumpiga mtu hatacheza ligi hii. Sahihi ni ya Makokha.

Kocha alinibembeleza, kisha akaniambia kazi yangu imeisha. Halafu Hesbon mwenyewe akaja, sauti ya upole.

“Dada Nanyama, nipe kadi. Mimi na Emmy tulishamalizana.”

“Muulize kama na yeye amemaliza. Yule pale.”

Aliangalia getini. Hakwenda, na uwanja mzima ukaona kwamba hakwenda. Akaanza kufungua viatu.

Tulifungwa mbili bila. Walinizomea mpaka getini, na hapo Emmy akanishika kwa mkono wake mzima, tukatoka pamoja.

Jumatatu nilikabidhi sanduku, nikapanda Kapsokwony kumwomba Kiplimo msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho, jembe mkononi. Kisha akaniuliza mkono wa Emmy unaendeleaje. Katika watu wote wa mpira, yeye ndiye wa kwanza kuuliza.