Sanduku la Kuni

Mimi Ragnhild, niliyepanda ngamia Moroko na kuvuka mito ya Madagaska bila kulia, nilikuja kuumbuka kwetu Norwe, kisa kuni.

Mimi na mdogo wangu Synnøve, wa miaka tisa, tumezunguka dunia tukimfuata baba, daktari wa meli ya misheni. Safari hii tulikuwa hatujamwona miezi minane. Meli yake ingetia nanga Bergen siku mbili tu, halafu tusionane tena hadi Pasaka. Kumwona ilibidi tuvuke mlima na Shangazi Borghild, tuwahi boti ya ziwani saa nne asubuhi.

Tulilala kwenye kibanda cha wasafiri. Hakina mlinzi. Ukiondoka unamwachia ajaye kuni zilizopasuliwa, kwenye sanduku kando ya jiko. Zamu ilikuwa yangu. Nilipasua? Wapi! Akili yote ilikuwa kwenye boti.

"Kuni tayari?" shangazi aliuliza akifunga mizigo.

"Tayari."

Synnøve akachungulia sandukuni. "Dada, mbona tupu?"

"We! Funga mdomo, ufunge na viatu."

Kisha, kwa mbwembwe, nikaandika kwenye kitabu cha wageni: "Tumeacha kila kitu tayari. Mungu amlinde ajaye." Chini nikaweka majina yetu matatu.

Ziwani tukakuta mawimbi, na karatasi gatini: upepo mkali, boti haitoki leo. Nililia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

"Lia huku unatembea, mama," shangazi akasema. "Theluji hiyo inakuja."

Tulirudi kibandani tumelowa chapachapa. Ndani kulikuwa na mtu amejifunika mablanketi yote, meno yanagongana. Shoka lilikuwa miguuni pake, na gogo limechubuliwa tu.

"Baba!" Synnøve akapiga kelele.

Alikuwa ameshindwa kutusubiri Bergen, akaja kwa treni, akapanda mlima kwa upande wa reli aje atupokee. Njiani akatumbukia kijitoni. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, shoka halishikiki.

"Nimesoma kitabu," akasema, akijaribu kucheka. "Kuna wasichana fulani wameniombea ulinzi. Dua nzuri kweli. Ila jiko, mh!"

Shangazi alinitazama. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Nilidanganya, baba. Nimemdanganya shangazi, na Mungu nikamdanganya kwa maandishi. Ungekufa kwa sababu yangu."

"Sijafa. Nilikuwa namwomba Mungu moto, naye kanitumia wewe. Haya, shoka hilo. Kaimalizie dua yako."

Nilipasua hadi viganja vikatoka malengelenge. Synnøve akawasha jiko, shangazi akachemsha maziwa, na baba akala mkate na jibini akitusimulia habari za meli mpaka rangi ikamrudia usoni. Nilikaa nimemwegemea, sikutaka hata kusogea.

Kulipokucha upepo ulikuwa umetulia. Tungevuka ziwa wote wanne, na meli ya baba ilikuwa haiondoki hadi jioni.

"Twendeni jamani, boti itatuacha!" baba akaita, buti miguuni.

"Subirini," nikasema, nikatoka nje na shoka.

Nilipomaliza, Synnøve alikuja kulikagua sanduku, mikono kiunoni kama ofisa wa forodha.

"Bado, dada. Pale pembeni pana nafasi."

Nikaongeza.