Mahali Wimbo Ulipokatika

Jirani yangu Milembe anadai mume wangu Luhende alipasuliwa kichwa akiwa macho, na daktari alipomgusa ubongo akaita, "Nyanjige! Nyanjige!" mpaka manesi wakacheka. Alinieleza hayo tukichambua pamba, akinichungulia kwa pembeni.

"Kwani ulikuwepo?" nikamuuliza.

"Mayu, mama yangu, hili ni soko huria. Siku hizi hata habari zinakuja na malori ya wanunuzi."

Nyanjige ndiye ambaye Luhende alitaka kumwoa kabla yangu. Baba yake Nyanjige akarudisha ng'ombe wa mahari, akamwoza kwa mtu wa Maswa. Mimi nimeolewa kwa ng'ombe wale wale.

Shemeji yangu Bujiku alipopita kuomba maji, nikamkalisha. Yeye ndiye aliyempeleka kaka yake Dar es Salaam, na alikaa kando ya meza ya upasuaji kwa kuwa madaktari hawakujua Kisukuma.

"Milembe anaongeza chumvi, shemeji," akasema. "Hakuita mtu. Aliimba."

Akanieleza. Uvimbe ulikuwa umekaa karibu na mahali pa maneno. Daktari alimwambia Luhende aimbe wimbo anaoujua sana, huku akimgusa ubongo kwa waya mwembamba wa umeme. Wimbo ukikatika, anaweka kikaratasi pale, kisu kisifike. Uvimbe ukatolewa, ila kipande wakakiacha, maana kilishikana na mahali wimbo ulipokatika.

"Wimbo gani?"

Bujiku akatazama maji kwenye kata. "Ule wa kulimia."

Naujua. Luhende ndiye anayewaimbisha wenzake wa kikundi cha kulima, na mwanamke akitajwa kwenye wimbo, kijiji kizima kinamjua. Katika ule anatajwa Nyanjige. Shamba langu wamelilima misimu mitatu, wakaimba mvua, wakaimba ng'ombe, wakaimba hadi bei ya pamba; jina langu, hata mara moja.

Kumbe madaktari wamemlinda Nyanjige. Wamemwekea na kikaratasi.

Nje, Luhende alikuwa anamtania Milembe aliyekuja kuazima kinu. Maneno yalimtoka taratibu, lakini yalitoka yote. Milembe alipoondoka nikachukua jembe la Luhende, nikapiga magoti, nikamwekea mapajani.

"Baba Salu, niimbie. Nitaje mimi, Kija."

Akalishika, akaanza kukwangua udongo mkavu kwa ukucha, nami nikabaki pale chini nikimtazama mdomo.