Pua ya Gus

Kabla bangi haijahalalishwa, Gus alikuwa mbwa mwenye heshima zake kaunti nzima. Akinusa gari akakaa kitako, mwenye gari naye alikaa, tena na pingu. Siku hizi Gus akikaa, watu wanampiga picha.

Kosa si lake. Alifundishwa kunusa vitu vitano vya kulevya, bangi ikiwemo, na kwa vyote vitano jibu lake ni moja: kukaa. Wakubwa huko Denver, mji mkuu wa jimbo, walibadilisha sheria. Pua ya mbwa ikawashinda kubadilisha. Basi majaji wakakata shauri kwamba kukaa kwa mbwa wa namna hiyo si sababu tosha ya kupekua gari la mtu, maana huenda kanusa bangi tu.

Askari Wade Kucera, mshika kamba wake, aliyajua hayo yote Ijumaa ile jioni alipomsimamisha Clay Dunaway kwa kuzidisha mwendo. Alijua na jingine: vile vidonge vya kulevya vilivyowaua wanafunzi wawili majuzi, mji mzima ulinong'ona kuwa vilitoka kwa Clay. Ila minong'ono si ushahidi.

Gus akaupita mlango wa dereva, akazunguka nyuma, akakaa chini penye buti la gari. Tuli.

"Afande, huyo mzee wako kachoka," Clay akacheka. Akainua pakiti ya bangi kutoka kwenye dashibodi, na risiti yake ya duka. "Si hii hapa? Halali kama maziwa."

"Bangi iko mbele. Mbwa kakaa nyuma."

"Upepo, kaka. Au na upepo mtautia pingu?"

"Fungua buti, Clay."

"Sifungui. Fungua wewe, uone wakili wangu atakavyokutumia kadi ya Krismasi kukushukuru."

Wade akaita kwenye redio. Lorena, mkuu wa zamu, alijibu kwa upole, na upole wa Lorena haujawahi kuwa dalili njema.

"Una sababu nyingine zaidi ya mbwa?"

"Sina."

"Mwache aende, Wade. Ukifungua hivyo, kesi inafia mahakamani."

Mkono wa Wade ulikuwa tayari juu ya buti. Bati lilikuwa bado na joto la jua. Akauondoa.

"Mpe Gus mfupa, mwambie umetoka kwangu," Clay alisema, akafunga mkanda. Akaondoka taratibu, safari hii bila kuvunja sheria hata moja, akakunja kuelekea uwanja wa shule ya sekondari. Taa za mechi zilikuwa zimeshawashwa, na watoto wa mji mzima walikuwa huko wakishangilia, binti yake Wade akiwemo.

Gus alikuwa bado amekaa barabarani, anamtazama Wade, anangoja kusifiwa.