Kibanda cha Miaka Arobaini

Mji wetu una unyevu wa kukatisha tamaa. Shati ukilianika Jumatatu, Alhamisi unalianua likiwa zito kuliko ulivyolianika. Mimi niliwahi kuotwa na uyoga kwenye kofia nikiwa nimeivaa, na mke wangu akauchuma pale pale. Yeye alilikana hilo la uyoga, lakini ndiyo ilikuwa kazi yake ndani ya ndoa yetu: kupunguza chumvi kwenye maneno yangu. Mimi majirani waliniita Fundi Chumvi. Yeye nilimwita Mkaguzi.

Nilipostaafu nilimjengea kibanda bustanini, nguzo nne na paa la mbao. Akauliza kitadumu miaka mingapi.

"Arobaini," nikasema. "Kitatuzika sote wawili."

Mbao zenyewe zilikuwa laini, za kutengenezea maboksi. Nilichimba mashimo, nikasimamisha nguzo, nikazimwagia saruji pande zote, nikajiona bingwa. Useremala nilijifunza mwenyewe, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniambia kwamba saruji ya namna hiyo inageuka kikombe: mvua inaingia, haina pa kutokea, na mti unashinda humo ukinywa mwaka mzima. Mafuta ya kukinga mbao nilitakiwa kupaka kila mwaka. Nilipaka, ndiyo, upande unaoonekana kutoka dirisha la jikoni.

Mwaka wa tisa Mkaguzi akaugua. Hospitali ilipomrudisha nyumbani, daktari alituvuta pembeni, mimi na binti yetu, akasema zimebaki wiki mbili, labda tatu. Mgonjwa akaniuliza daktari kasema nini.

"Kasema mwezi ujao utakuwa unanifukuza na ufagio," nikamjibu.

Alinitazama, akageukia ukuta. Kisha akasema, "Jumamosi nitoe nikakae kibandani. Nimechoka kutazama dari."

Ilikuwa Jumanne. Nikaenda bustanini na bisibisi. Juu, nguzo zilikuwa ngumu kama mfupa. Chini, pale mti unapokutana na ardhi, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini kama inayochoma mkate uliolowa. Zote nne. Niliegemea moja kidogo tu, na paa zima likaguna.

Binti yetu akanikuta nimechuchumaa kwenye matope.

"Baba, mwambie mama ukweli. Ana haki ya kujua."

"Kuhusu nguzo?"

"Baba!"

Nikamwambia anishikie msumeno.

Siku tatu nilifanya kazi kwenye manyunyu. Nililiinua paa kwa jeki ya gari, nikakata sehemu iliyooza, nikaikalisha kila nguzo juu ya jiwe ili isiguse ardhi tena. Mawe hayakutosha kurudisha urefu wote. Kibanda kikapungua shubiri nzima.

Jumamosi tulimtoa na kiti chake, blanketi hadi kidevuni. Akatazama juu, akatazama chini.

"Kimefupika."

"Kimezeeka. Wazee hujikunja."

"Fundi."

Akiniita hivyo, bila chumvi, nilijua hataki mchezo.

"Nguzo zilioza," nikasema. "Nilizizika kwenye saruji. Nimezikata miguu."

"Na mafuta?"

"Upande wa dirishani tu."

Akacheka mpaka akakohoa, binti akaja na maji. "Nilijua. Mtu gani anamaliza kupaka kibanda kizima kabla chai haijapoa?" Akapumua kwa shida, kisha akauliza, "Sasa kitadumu miaka mingapi?"

Ulimi ulikuwa na thelathini tayari. Nikaumeza.

"Minane. Kumi, nikikitunza."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea mzigo aliokuwa akiusubiri.

"Na mimi?"

Binti yetu akaweka glasi chini, akaingia ndani.

"Wiki tatu," nikasema.

"Daktari ndiye aliyesema tatu?"

"Alisema mbili. Labda tatu."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, nikajifuta kwa mkono wenye vumbi la mbao, macho yakawasha zaidi. Yeye alinyoosha mkono nje ya blanketi akanitoa kipande cha mbao kilichonasa kwenye ndevu.

"Siku tano nimekaa nakungoja useme," alisema. "Mpigie mdogo wangu. Mwambie asingoje likizo, aje kesho."

Nikaenda kutafuta simu. Mdogo wake alipopokea alinisalimia kwa kicheko, "Ehe, Fundi Chumvi, leo umekuja na ipi?"

"Shemeji," nikasema, "safari hii niamini."