Nyumba Isiyo na Ngazi

"Aliulizwa, akasema hapana. Nimeandika." Bi Lindstrom, mgawa nyumba wa ofisi ya wakimbizi, hakuondoa hata macho kwenye kompyuta. "Nyumba ile ya chini imepewa familia nyingine tangu jana."

"Na akiomba sasa hivi?" Palwasha akauliza.

"Ataingia kwenye orodha. Mwaka mmoja na nusu, pengine miwili."

Palwasha alitoka ofisini. Yeye ni mkalimani wa familia za Waafghani wanaofika Sacramento, Marekani, na hapana hiyo ilipita kinywani mwake. Wiki tatu nyuma Zalgai, mmoja wa wageni hao, aliulizwa kama angependa nyumba isiyo na ngazi kwa ajili ya mama yake, Bibi Torpekai, ambaye mguu mmoja ulikatwa kwa kisukari na wa pili umekufa ganzi. Zalgai akaweka mkono kifuani. "Hapana, hapana, Mungu akupe umri mrefu. Tusikusumbue. Popote mtakapotuweka ni pazuri."

Sasa jamani, nani kwao asiyeijua hapana ya namna hiyo? Mtu mwenye adabu hapokei mara ya kwanza. Anakataa, mwenyeji anamsihi. Anakataa tena, mwenyeji anamwapia. Ndipo anakubali, tena kwa kuinamisha kichwa. Anayedaka mara ya kwanza ataitwa mroho mpaka kwa majirani. Palwasha amekua na mambo hayo. Lakini kazi yao ina sheria: sema kilichosemwa, usiongeze neno. Alikwishaonywa mara mbili kwa kuongeza, na onyo la tatu ni mlangoni. Akasema, "Amesema hapana." Bi Lindstrom akatia alama kwenye fomu, akaenda kwenye swali la pili. Basi, imekwisha.

Sasa alipanda hadi kwa Zalgai, ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na lifti. Zalgai alifungua mlango huku anacheka.

"Karibu, dada! Tangu ulipopiga simu kuwa unakuja, mama kavaa kiatu. Anasema leo tunahama."

"Kimoja tu, sichelewi kuvaa siku hizi!" Bibi akadakia kutoka kwenye kiti chake dirishani. "Haya, mwanangu, nyumba iko wapi? Huyu Jumatatu anaanza kazi ghalani, kutwa nzima. Nani atanibeba mgongoni kunishusha? Mkewe? Yule akibeba sinia la wali anahema!"

Mke wa Zalgai akacheka jikoni.

Palwasha akayasema yote ya ofisini akiwa amesimama pale pale. Alijua akikaa hatayasema.

Zalgai alijipiga kichwa kwa viganja viwili. "Nilikataa mara moja tu! Nilikuwa nangoja aulize tena! Yaa Mungu, mama, nimekufungia humu kwa ulimi wangu mwenyewe." Akalia, mtu mzima na ndevu zake, na mkewe, aliyekuwa amechungulia mlangoni, akarudi jikoni ili asimwone.

Bibi Torpekai hakulia. Alimtazama Palwasha.

"Siku hiyo mkalimani alikuwa nani?"

Zalgai akaangalia zulia.

"Mimi, bibi," Palwasha akasema.

"Yule mwanamke wa ofisini simlaumu, atajulia wapi? Wewe umezaliwa wapi?"

"Jalalabad."

"Kwenu mgeni akikataa chai mara moja, mama yako alikuwa anaondoa birika?"

"Hapana, bibi."

"Basi ulijua."

"Nilijua. Nina watoto wawili, bibi. Ningeongeza neno moja tu, wangenifukuza kazi. Niliogopa."

Bibi aligeukia dirisha, akatazama watu wanaopita huko chini barabarani na mikoba yao ya sokoni.

"Mama, mwache," Zalgai akasema. "Tafadhali, mwache aende."

"Si nimemwacha?" Bibi akamgeukia. "Aende. Nimfuate wapi mimi?"