Mkono wa Sanda

Mageni alikuwa mshona sanda, na kazi hiyo, tuseme ukweli, haimletei mtu mashoga. Wanawake wa Shinyanga mjini walimsalimu vizuri, wakamwalika arusini, wakamwekea sahani yake ya pilau, lakini hakuna aliyempa gauni ashone. Nani avae kilichopita mkononi mwake? Yeye hakulalamika. Kazi aliirithi kwa mama yake, na mama alikuwa na sharti moja: sanda haipigwi fundo. Unapitisha uzi, unapitisha tena, ukifika mwisho unauacha. "Aliyekufa ameshafunguliwa," mama alikuwa akisema. "Wewe ni nani hata umfunge tena?" Basi kwa miaka kumi na minane mkono wa Mageni ulishona bila fundo, mpaka shuka zake mwenyewe za kulalia zilikuwa zikifumuka.

Mwaka wa hamsini na tatu, mvua za masika zikielekea kuisha, mzee Bartholomeo akapiga hodi mlangoni kwake. Huyu alikuwa Msukuma wa Kishapu, fundi aliyekwenda vitani Burma akarudi na ujuzi wa kutengeneza ndege, na kwa umri angeweza kuwa baba yake mdogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta mtu wa kushona bafta nyeupe, mishono midogo, mstari ulionyooka. Nimeuliza mji mzima. Wote wanakutaja wewe, halafu wanatazama pembeni."

Mageni akamkaribisha kiti na kumpa pole. "Amefariki nani?"

"Hajafariki. Amezeeka tu. Yuko Ibadakuli."

"Tunamshonea na yuko hai?"

"Ndiyo maana nina haraka."

Mageni akauliza, kwa adabu, huyo mgonjwa ana urefu gani. "Futi thelathini," akajibu Bartholomeo, "kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa." Hapo ndipo mama wa watu alipong'amua kwamba wanazungumzia ndege ya kupanda. Kwa Bartholomeo ndege ilikuwa ni "huyu" na "yule", kama kuku na njiwa, na hata walimu wa shule walishachoka kumsahihisha.

Ndege yenyewe ilikuwa ya zamani, mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, mbavu zake za mbao zikisubiri kuvikwa kitambaa. Kabla ya vita ilibeba dhahabu kutoka migodi ya Geita. Kisha wenye migodi wakanunua ndege za bati, na hii ikasukumwa bandani, kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, kuku wakatagia kwenye kiti. Rubani wake wa zamani, Mgiriki aitwaye Bwana Gregory, alikataa kuiacha. Yeye na Bartholomeo walikuwa wameihangaikia miaka minne. Sasa serikali ilikuwa imetoa amri: ifikapo mwisho wa mwezi wa sita, ndege yoyote isiyo na cheti cha kuruka iondolewe uwanjani au ichomwe moto. Hii haikuwa na pa kwenda.

"Na aliyeshona," Bwana Gregory akamwambia Mageni siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, "ndiye anayepanda nami siku ya kuruka. Hiyo ni desturi yangu. Inafanya watu washone vizuri."

Mageni aliisikia habari hiyo na moyo ukamruka. Katika usichana wake alikuwa akiitazama ndege ya dhahabu ikipita juu ya mashamba ya pamba, na usiku ule akaota yuko juu, viatu mkononi, akitembea katika mawingu kwa tahadhari asije akayachafua.

Kazi ilikuwa ya watu wawili. Bawa husimamishwa wima, mmoja akae huku na mwingine kule, wasionane. Huyu anapenyeza sindano kuzunguka ubavu wa mbao, yule anairudisha. Na kila inaporudi, mshonaji anapiga fundo, ili uzi ukikatika mahali pamoja usifumuke wote. Fundo, fundo, fundo, tangu asubuhi mpaka alasiri. Uzi uliopakwa nta, kila akikaza fundo, ulimkata Mageni kidole gumba mpaka akawa anakilamba akila. Mistari ikiisha unabandika utepe wa kitambaa juu ya mishono, halafu unapaka dawa ya kukazia, na bafta inajivuta mpaka ukiigonga inalia ngoma.

Dawa ile, jamani! Harufu yake tamu ilipanda kichwani ukaona bandani hamna kuta. Mageni alikuwa akishona huku mambo yanampitia: mama yake amekaa juu ya pipa la mafuta anachambua mchele, marehemu wote aliowashonea wamepanga foleni kwenye nyasi za uwanja, weupe, wapole, kila mmoja na tiketi. Hakuogopa. Akawaambia wangoje, bado bawa moja.

Bawa hilo la nne, la chini kushoto, lilimkuta Bartholomeo kitandani kwa homa. Upande wa pili, mahali pake, akakaa Apolonia, jirani muuza maandazi, ambaye alirudisha sindano bila kuitazama maana alikuwa akisimulia ndoa za watu. Bartholomeo aliporudi, dhaifu, alikuta bawa limeshabandikwa utepe na kupakwa dawa, linang'aa.

Siku moja kabla mwezi haujaisha, mkaguzi wa ndege wa serikali akashuka kwa treni. Mtu mrefu, mkimya. Akasoma daftari la kazi ukurasa kwa ukurasa, akagonga mabawa, akatingisha waya, akaandika cheti juu ya goti lake. Bartholomeo akaangalia pembeni akapangusa macho kwa kitambaa chenye grisi, uso ukabaki na weusi.

Mageni akapandishwa kiti cha mbele. Wallahi alikuwa na furaha mpaka ikawa aibu. Bwana Gregory akaketi nyuma, injini ikaungurumishwa ipate moto, na Bartholomeo akainama kumfunga mkanda.

"Fundo hili nimelikaza," akasema. "Halitaachia."

Mageni akatazama kidole gumba chake. Hakujua kwa nini. Kilikuwa kizima, laini, ngozi mpya. Mabawa matatu kilikuwa kidonda kitupu. Bawa la nne kilipona. Kilipona vipi, na kazi ni ile ile? Akarudisha mawazo kwenye zile siku za harufu tamu na foleni ya watu weupe, akautafuta mkono wake pale, akauona unapitisha uzi, unapitisha tena, unauacha.

Angeweza kunyamaza. Cheti kimeshaandikwa, nyasi zimeshafyekwa, na pengine mishono ingeshika. Akisema, ndege hii kesho ni kuni. Alitamani kuruka kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote, na nyuma yake Bwana Gregory alikuwa anapiga mluzi.

"Zimeni," akasema. Hawakusikia. Akapiga kelele, yeye asiyepiga kelele hata msibani. "Zimeni! Bawa la chini kushoto nimelishona kwa mkono wa sanda."

Bartholomeo akachana utepe kwa kisu, akashika ncha ya uzi, akavuta. Uzi wote wa ubavu ule ukatoka kwa mvuto mmoja, mrefu, bila kukwama popote. Mkaguzi akachukua cheti kutoka kwa Bwana Gregory, akakitia mfukoni, akatazama saa.

"Treni yangu ni kesho jioni," akasema. "Saa kumi nitakuwa hapa. Baada ya hapo sina namna."

Bawa likafunguliwa, likasimamishwa. Mageni akakaa huku. Kule akakaa Bartholomeo, na usidhani alikaa kwa heri. Sindano ilikuja kwa nguvu, puu, ikamchoma kiganja mara mbili, na mzee hakuuliza. Mageni akapiga fundo, akairudisha. Wakashona hivyo mpaka jua likazama, wakaamka na jua wakaendelea, ukuta wa bafta katikati yao, na zaidi ya kupaka uzi nta hapakuwa na sauti. Mageni alikuwa akilia kidogo kidogo, kwa uchungu na kwa kidole. Bora angetukanwa yakaisha.

Asubuhi ilipokuwa imekomaa, sindano haikurudi.

"Mzee?"

Halafu sauti ikatoka nyuma ya kitambaa, ndogo, si ya Bartholomeo anayejulikana.

"Bawa hili nilitia sahihi daftarini. Niliandika: nimekagua kila fundo kabla ya utepe. Sikuona hata moja. Nilikuta limeshapakwa, nikaona haya kulichana, nikaona siku zimekwisha. Nikaandika."

Mageni akashusha mkono wenye uzi.

"Jana ulipopiga kelele nilijua kabla hujasema. Toka siku ile nilikuwa najua kwamba sijui. Na ningekufunga mkanda, ningekuacha uruke." Sindano ikapenya taratibu, ncha mbele, ikasimama ikimsubiri. "Mimi ningenyamaza, mwanangu. Ndiyo hasira yangu. Si wewe."

Mageni akaishika sindano, akapiga fundo, akalikaza mpaka kidole kikatoa damu, akairudisha taratibu vile vile. Safari hii kila ubavu ulipokwisha mzee alizunguka, akapiga magoti, akagusa fundo moja moja kwa kucha huku midomo ikihesabu. Adhuhuri wakabandika utepe. Dawa ikakauka juani. Saa kumi kasoro robo bawa lilikuwa mahali pake, na mkaguzi alikuwa amesimama na kofia mkononi.

Alisoma ukurasa mpya wa daftari. Kwenye ukurasa wa kabla yake Bartholomeo alikuwa amefuta sahihi ya zamani kwa mstari mmoja na kuandika pembeni: uongo. Mkaguzi akapitisha kidole juu ya neno lile, akagonga bawa, kisha akatoa cheti mfukoni.

"Aliyeshona apande," akasema Bwana Gregory.

Mageni akatazama kiti cha mbele. Nilikwambia alivyokitamani. "Leo apande aliyetia sahihi," akasema.

Bartholomeo, aliyehudumia ndege miaka kumi na moja na hajawahi kupanda hata moja, akapauka uso. Lakini hakubisha. Mageni mwenyewe akamfunga mkanda. Ndege ikakimbia juu ya nyasi, ikadunda, ikaacha kudunda, na Mageni akainua uso ikapita juu yake, tumbo jeupe, mabawa manne yamekaza, ikazidi kupungua kuelekea upande wa Kishapu. Mdomo wake ulikuwa ukihesabu mafundo bila yeye kuuambia. Moyo ulimuuma na ulikuwa mweupe, vyote viwili kwa pamoja, na hakujaribu kuvitenganisha.

Ilirudi baada ya robo saa. Bartholomeo akashuka, machozi yamechora njia katika vumbi la mashavu. Watu waliokuja kutazama wakamsogelea wamuulize huko juu kukoje. Akawapita wote. Akaja mpaka kwa Mageni, mtoto wa kumzaa, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo," akasema.

Mageni alitaka kumzuia, kumwambia mzee wangu si hivyo, lakini akamtazama akaona hatanii, na kwamba asipoitikiwa hataondoka pale.

"Marahaba," akasema.