Tela la Kumrudisha Mama Butiama

Mama mkwe wangu, Wankyo, alikaa kwetu Kabasa, pale Bunda, tangu mvua za vuli, na kifua chake hakikukubali dawa. Siku hizo maduka yalikuwa yameanza tena kuwa na sabuni na sukari, watu wanavaa mitumba ya rangi za ajabu na kujitazama kwenye vioo vya magari. Yeye hakutazama chochote. Alitaka jambo moja tu: kufia kwake Butiama, ng'ombe wake mweupe akiwa karibu, amsikie akicheua.

Ng'ombe naye, tuliyekuwa naye hapo Kabasa, alikuwa mzee, miguu isingemfikisha. Ikabidi apandishwe kwenye tela.

Tela lenyewe mume wangu Leonardi alilipata kwa wazungu wachimba visima walipofunga kazi yao Musoma. Lilikuwa na breki za umeme. Ndani ya magurudumu yake kuna sumaku. Dereva akisukuma mkono mdogo uliofungwa karibu na usukani wa Landrova yetu, umeme unafuata waya, unavuka kwenye plagi, na sumaku inashika. Ukitega sikio unaisikia ikivuma. Nilikuwaga naipenda sauti ile, kama nyuki walio ndani ya mti, mbali, mahali usipopajua.

Asubuhi ya safari haikuvuma.

"Siwezi kumpakia mama na ng'ombe wake kwenye kitu kisicho na breki," Leonardi alisema. "Ule mteremko wa Butiama, tela litatusukuma mpaka korongoni."

"Litusukume tu," Mama akajibu kutoka kwenye mkeka wake. "Walau nitakuwa njiani."

Leonardi akachukua balbu yenye nyaya mbili, mimi nikakaa garini kusukuma ule mkono. Akagusisha kwenye betri, balbu ikawaka. Kwenye soketi ya Landrova ikawaka. Upande wa tela, baada ya plagi, giza. Akaitikisa plagi: mwanga ukaja kidogo, ukaondoka, kama mtu anayefumbua macho usingizini. Akafikiri. Halafu akavuta kipande cha waya kutoka bodi ya tela mpaka bodi ya gari, na magurudumu yakavuma.

"Ni waya wa arthi," akasema. "Umeme unakwenda, lakini hauna njia ya kurudi."

"Basi na wenyewe umekwama Kabasa," Mama akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kile kipande cha waya kilikuwa chembamba, tayari kimepata moto. Hakikufaa kwa safari. Leonardi akaifungua plagi. Ndani ilijaa kitu cha njano, kigumu, kimechanganyika na vumbi na vijidudu vya ziwani vilivyonasa humo. Akanusa.

"Samli! Mama Jeska, nani amepaka samli humu?"

Aliniuliza mimi, nami sikujua.

"Mimi," Mama akasema. "Kitu kigeni kikiingia bomani tunakipakaga samli mdomoni, kisije kikatula. Nimelizunguka lote hilo tela lako. Mdomo niliouona ni huo."

Leonardi alikuwa ameshika kitambaa chenye petroli. Mkono ukabaki hewani.

"Ukifuta," Mama akasema taratibu, "umeniambia nisifike."

Akasimama hivyo hivyo, mtu mzima na mvi zake, hawezi kufuta, hawezi kuondoka. Vivuli vya mawingu vilipanda mlima wa Bunda polepole, vikashuka upande wa pili. Niliona kama tela nalo limeshika pumzi.

Nikaenda kukaa mkekani. "Mama," nikamwambia, "ukimpaka mtoto samli, ikamziba pua, unafanyaje?"

"Namfuta pua."

"Na ya mwilini?"

"Inabaki." Akaniangalia. "We mwanamke," akasema, "ulikuja kwangu ukiwa mpole. Nani amekuharibu?" Halafu: "Ninyanyueni."

Alifuta mwenyewe. Kwa kijiti cha ufagio alichokonoa pini moja moja, huku akiongea nazo kwa lugha ya nyumbani kama anayeosha uso wa mtoto anayelia. Samli aliyoitoa hakuitupa. Aliipaka kwenye matairi, na iliyobaki kwenye paji la uso la Leonardi. Leonardi akapitisha msasa, akachomeka, nami nikausukuma ule mkono. Mama akaweka sikio kwenye gurudumu. Lilivuma. Alifumba macho, hakutaka kuondoka pale.

Kwenye ule mteremko Landrova ilikwenda kama inayoelea, na tela nyuma yetu halikusukuma. Vumbi lilikuwa jekundu na laini. Mama alimwambia mwanawe, "Shika tena," na hata mteremko ulipokwisha, "Shika tena," na Leonardi akausukuma ule mkono, tukapita miamba ile mikubwa kwa mwendo wa kuota.

Jioni tukafika. Ng'ombe alishuka kinyumenyume, akasimama, akainusa ardhi. Nikamshika Mama mkono ili tuingie ndani.

"Ngoja," akasema. "Mwache ng'ombe aingie zizini kwanza. Nataka nimwone akiingia."